Mwaka Niliomfunga Belaid Mdomo

20 Oktoba

Mimi ni Bihi wa Agni, malenga. Shuka bonde hili lote ukiuliza fundi wa maneno ni nani, wataninyooshea kidole mimi, na asiyeninyooshea ana wivu. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kusoma nimejifunza uzeeni, darasa la msikitini, kwa mwalimu Zahra, binti wa mjini mwenye subira kuliko punda. Wenzangu wanaandika majina yao na mistari michache tu. Mimi naandika kitabu cha beti zangu zote, na pembeni naandika haya.

Haya ni agizo lake. Kila mmoja aandike siku zake mpaka mwaka uishe, na siku ya mwisho aandike kilichomkwamisha na atakachokitanguliza mwakani. Nikamuuliza, mwaka upi? Wa serikali unaisha Desemba, wetu wakulima unaisha katikati ya Januari. Akasema, "Chagua unaoupenda, Mzee Bihi." Nikachagua wetu. Unachelewa kwisha, na mimi nina mengi ya kujisifia.

Nianze na kubwa. Agosti, kwenye arusi ya kijiji cha Tizi, nilimfunga Belaid mdomo. Kwetu wanaume husimama safu mbili, Tizi huku, Agni huku, kila safu na malenga wake. Unatupa ubeti, wanawake wa upande wako wanaudaka na kuurudia mpaka uwaingie watu, kisha yule wa pili anajibu. Tari zikizunguka mara mbili hajajibu, amefungwa. Belaid wa Tizi na mimi tunatupiana maneno tangu tuna ndevu nyeusi, na hakuna aliyewahi kumfunga mwenzake. Siku hiyo nilimtupia ubeti, tari zikazunguka, zikazunguka tena, yeye ananitazama tu. Watu wa Agni walinibeba juu mpaka nyumbani. Ubeti wenyewe sina haja ya kuuandika hapa, kila mtu anaujua.

Aliyefungwa hutundika tari yake ukutani, hasimami tena safuni mpaka mshindi aende nyumbani kwake kabla ya mwaka kwisha, amwombe ubeti mmoja. Akiutoa, kafunguliwa. Mshindi asipokwenda, mwaka ukiisha, huyo amefungwa maisha.

Nitakwenda. Haraka ya nini? Leo zafarani imeanza kuchanua.

22 Oktoba

Tumechuma tangu alfajiri. Mgongo.

27 Oktoba

Kitabu kina kasoro, na kasoro si yangu. Zahra amesoma beti nilizoandika, akafika huu:

Na wewe je, kitunguu, uliyejivika koti?

Akauliza, "Mzee Bihi, huyu kitunguu ni nani?"

"Belaid."

"Kwa nini kitunguu?"

Nikautazama ubeti upya. Nakumbuka watu walicheka mpaka mmoja akadondoka ukutani. Alichokuwa amesema Belaid hata nikamwita kitunguu, sikikumbuki. Tukaangalia beti nyingine. Zote ni majibu. Nimejaza kurasa na kurasa za majibu, na aliyejibiwa hayumo. Zahra akasema kwa upole ni kama kumsikiliza mtu anayeongea na simu. Wote darasani wakacheka. Na mimi nilicheka, lakini sikupenda.

30 Oktoba

Nimeamua kuzitunga mwenyewe beti za Belaid, nizitie mbele ya zangu. Kwani kuna ugumu gani? Nimetunga nne, nikamsomea mke wangu Tuda huku tunachambua nyuzi za zafarani, vidole vyake vyekundu kama vya bibi arusi.

Akasikiliza zote. "Baba Idir, umemaliza?"

"Nimemaliza. Unaonaje?"

"Belaid hawezi kusema upuuzi huu hata usingizini."

"Sasa unamtetea?"

"Namtetea wapi? Nasema tu, ukitaka kumtia mtu ngumi, usimshonee kwanza mdoli wa matambara."

Mwanamke huyu angekuwa mwanamume, kazi yangu ingekuwa ngumu. Nimezichana zote nne.

5 Novemba

Zafarani imekwisha. Mwaka huu ni haba, mvua ya Septemba ilitukimbia.

Zahra anasema jambo ni jepesi: si lazima niende kwa Belaid kwa desturi? Niende sasa, nimfungue mdomo, halafu nikae naye anipe na zile za zamani. Nikamwambia hajui mambo ya wanaume. Nikienda mapema watasema Bihi ana haja na Belaid. Mshindi haendi mbio. Acha akae kwanza na tari yake ukutani, aitazame.

14 Novemba

Lahsen, mpiga tari wetu, amekuja kunywa chai. Anasema alimwona Belaid sokoni Jumatano, kasimama kwa muuza viatu, kashika kiatu kimoja muda mrefu. Alimsalimia, hakujibu.

"Amekasirika," nikasema.

"Hakuwa na uso wa hasira."

"Lahsen, wewe unajua ngozi ya mbuzi. Nyuso niachie mimi."

17 Novemba

Upepo. Sikuandika kitu kwenye kitabu.

28 Novemba

Leo nimetukanwa na nitaandika mpaka wino uishe.

Nimepeleka zeituni kinuni kukamua. Watu wamejaa, wa Agni na wa Tizi, na Belaid yumo, kaketi juu ya gunia kando ya binti yake Rqiya, yule mjane anayemtunza. Kaniona naingia. Akatabasamu vizuri, akanyoosha mkono, akasema kwa sauti ya kusikika kinu kizima:

"Karibu, karibu. Wewe ni kijana wa nani?"

Kinu kizima kikaangua kicheko. Mimi, kijana wa nani! Mimi niliyembeba mama yake kaburini! Nikaona kwamba mzee huyu hajafungwa mdomo hata kidogo. Amekaa miezi mitatu anaupika ubeti wa kunijibu, akaona ubeti hauivi, akachagua kunifuta. Kujifanya hanijui. Lazima nikiri, ni pigo safi, mimi mwenyewe ningelitamani.

Nikamjibu, "Mimi ni kijana wa yule aliyekunyamazisha."

Watu wakapiga makofi. Yeye akaendelea kutabasamu, akamgeukia Rqiya, akamwuliza kitu. Rqiya hakucheka. Alinitazama kana kwamba nimemkanyaga.

Nimeapa mbele ya wote: Tizi sitapanda. Mwaka uishe, afungwe maisha, akae hivyo hivyo. Nilipofika nyumbani nilimsimulia Tuda. Amesema tu, "Na mafuta yako wapi?" Nilikuwa nimeyasahau kinuni.

3 Desemba

Mvua.

4 Desemba

Mvua.

6 Desemba

Mvua imeibeba njia ya Tizi, pale penye mlozi uliopinda. Sasa lazima mtu azungukie mtoni. Nimemwambia Tuda, umeona, hata mlima umeniunga mkono. Akaendelea kupepeta shayiri. Siku hizi hajibu mengi.

13 Desemba

Nimejaribu kuandika beti za zamani nilizozisahau. Nakaa, nafumba macho, najiweka uwanjani. Naona tari, naona vumbi, namwona Belaid kasimama mbele yangu, mdomo unatembea, sauti haitoki. Nasubiri sauti yake ndipo yangu ije. Haiji.

Zamani nilikuwa nadhani nikilala usingizi mnono ndiyo natunga vizuri. Nikifikiri leo, nilikuwa natunga vizuri nikijua kwamba kule juu kuna mtu hajalala kwa ajili yangu.

Haya nimeyaandika na kuyafuta, kisha nimeyarudisha. Zahra alisema tusifute.

21 Desemba

Asubuhi, kabla mvua haijapungua, mlango umegongwa. Rqiya. Amelowa mpaka mifupa, amezungukia mtoni peke yake.

"Ami Bihi, baba yupo kwako?"

"Kwangu? Atafuata nini kwangu, na hanijui?"

Akaniangalia. Kisha akaketi pale pale kizingitini, maji yanamtiririka, akasema polepole kama unavyomwambia mtoto.

"Hakujui kweli, ami. Mimi mwenyewe ananiita kwa jina la mama. Kumekucha hayumo kitandani."

Tuda alikuwa ameshamtupia blanketi. Mimi nilikuwa nimesimama na kiatu kimoja mkononi. Nikauliza tangu lini.

"Tangu masika alikuwa anapotea kidogo kidogo. Tulificha. Siku ya arusi nilimwambia usisimame, akasema mimi ni Belaid, nitakosaje kusimama? Pale ulipomtupia ule ubeti alikuwa hajui yuko wapi. Alinishika mkono tulipofika nyumbani, akaniuliza, yule mtu mbele yangu alikuwa anagombana na nani?"

"Mbona hamkusema?"

"Tumwambie nani, ami? Mlikuwa mnapiga ngoma."

Tulitoka wote. Nilimwita Lahsen, tukagawana, yeye mtoni, Rqiya mashambani. Mimi sikujua niende wapi, miguu ikanipeleka uwanjani kwetu Agni, kule kwenye sakafu ya kupuria nafaka tunapochezea. Alikuwapo. Kasimama upande wa Tizi, mahali pake hasa, wa tatu kutoka ukutani, mgongo umenyooka, kanzu imemganda mwilini. Hakuna safu, hakuna tari, hakuna mtu. Mvua tu. Alikuwa anangojea zamu yake.

Nikamwita jina. Akaniwekea kidole mdomoni ninyamaze.

Nilisimama naye. Sikusimama upande wangu. Nilisimama kando yake, upande wa Tizi, ambako sijawahi kukanyaga ngoma ikiwa inachezwa. Baadaye nilimshika mkono, ulikuwa baridi kama jembe, nikamwambia, "Ngoma imeahirishwa, bwana. Mvua."

"Waliniambia wapi?" akauliza. "Hakuna anayeniambia kitu siku hizi."

22 Desemba

Belaid alilala kwetu, kitandani kwangu. Leo Rqiya na Lahsen wamemrudisha juu ya punda. Ana kikohozi. Ameniaga vizuri sana, akaniita mwenye nyumba.

24 Desemba

Nimeusoma kichwani ule ubeti wangu wa Agosti, neno moja moja. Sitaki kuandika leo.

1 Januari

Darasani kila mtu amesoma mwaka wake. Mmoja amekwamishwa na ng'ombe, mwingine na goti. Zahra akaniuliza wangu. Nikasema wangu haujaisha. Akaniuliza nitapanda Tizi lini, nikasema kiapo nilichoapa kinuni kimesikiwa na watu wengi. Akasema na yeye amekisikia, na kwamba kwa maoni yake kiapo kilichoapwa juu ya mgonjwa kwa kutojua hakina mwenyewe. Nikamwambia hajui mambo ya wanaume.

Nilipofika nyumbani nikaanza saumu ya kafara, ya kukivunja kiapo. Siku tatu, nimalizane nacho.

5 Januari

Theluji. Njia ya mtoni nayo imefungwa. Mwaka umebakisha wiki moja. Nimechungulia mlangoni mara nyingi mpaka Tuda akasema nitachakaza bawaba.

Nikimkosa, atakuwa amefungwa maisha, na aliyemfunga ni mimi, kwa ubeti aliotupiwa mtu mgonjwa. Nimewaza hivyo siku nzima. Kabla ya theluji Rqiya alimwambia Lahsen kwamba kila jioni mzee anaiangalia tari ukutani, anauliza ni ya nani na mbona haipigwi.

8 Januari

Tumepanda. Mimi, Tuda na Lahsen, maana desturi inataka mashahidi. Theluji ilitufika magotini. Lahsen alisema nirudi, nina miaka sabini na kitu. Nikamwambia yeye ndiye arudi, mimi ni kijana wa nani sijui.

Rqiya alikuwa ametandika mikeka ya wageni. Wazee watatu wa Tizi waliitwa, na wanawake wale waliokuwa wakiimba upande wao, nao wamezeeka, wakajaa chumbani na shali zao. Belaid kaketi karibu na moto, mdogo kuliko nilivyomwacha. Kikohozi kimemla.

Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi. Nilipomwona niliyasahau, nikasema yale ya desturi tu: "Belaid, mwaka unaisha. Nimekuja mlangoni kwako. Nipe ubeti mmoja."

Moto ukapasuka. Rqiya akaitungua tari ukutani, akamwekea mapajani. Akaipapasa kama mtu anayepapasa paka wa jirani. Lahsen akaanza kugonga yake taratibu, mapigo ya kuanzia, yale ya kumpa mtu nafasi. Yakazunguka. Yakazunguka tena. Nikaona wazee wa Tizi wanainamisha vichwa, maana wanajua kuhesabu.

Halafu mgongo wake ukanyooka. Sauti iliyotoka si ya mgonjwa. Ni ile ile.

Bihi wewe, funga zizi, mbuzi wako watoroka,
Neno moja huliwezi, la pili limekutoka,
Jana ulikuwa kozi, leo kuku wakucheka,
Nitaje jina, azizi, kama bado wakumbuka.

Ni ubeti wangu. Ndio ule wa Agosti, niliomfungia nao, neno kwa neno, jina tu kabadili. Beti zake zote za maisha zimemtoka, umebaki huu mmoja, na huu ni wangu.

Akanigeukia, macho yanameta. "Umeusikia? Huu nilimtupia Bihi wa Agni, kwenye arusi hapa hapa. Ulimjua Bihi?"

"Nilimjua."

"Mtu hodari. Mwenye majivuno, lakini hodari. Akakosa jibu." Akatikisa kichwa. "Nilimwonea huruma, wallahi. Alisimama pale kama mtoto aliyepotea sokoni. Niliwaambia wetu wasipige ngoma sana."

Lahsen ameshusha tari. Anaujua ubeti ni wa nani, na kila mtu chumbani anaujua. Tuda ananitazama. Mzee mmoja wa Tizi akakohoa, akaanza, "Lakini huo si..."

Nikamkatiza. Nikasema kwa sauti, mashahidi wasikie: "Belaid ametoa ubeti. Mdomo wake umefunguka."

"Na wewe?" akaniuliza Belaid. "Una jibu?"

Jibu ninalo. Ninalo tangu Agosti, kwa maana mtu akitunga pigo hujua na kinga yake. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Tari ya Lahsen ikaanza yenyewe, mkono wa mazoea, ikazunguka. Ikazunguka tena.

Nikasema, "Sina."

Alicheka kwa furaha, akapiga goti lake. Wanawake wa Tizi wakaudaka ule ubeti, wakaurudia kwa sauti zao kongwe, jina langu ndani yake, mpaka ukawaingia watu. Tuda aliimba nao. Alikuwa analia, lakini aliimba.

9 Januari

Miguu imevimba. Sijatoka.

10 Januari

Habari imeshuka bondeni kabla yetu. Watu wanakuja kuuliza kama ni kweli Bihi alinyamaza. Nawaambia ni kweli. Wengine wanasema nilimdekeza mgonjwa. Nawaambia tari zilizunguka mara mbili na mimi sikujibu, na kama wana sheria nyingine waniletee.

Tuda kaniuliza nje, tunatoa samadi, kama naumia.

"Ninaumia," nikamwambia. "Ule ulikuwa ubeti mzuri kuliko yote niliyowahi kutunga."

"Ndio maana ndio uliomkaa," akasema.

12 Januari

Mwaka wa wakulima unaisha leo. Tuda anakoroga uji mzito wa shayiri, nyumba nzima inanukia mafuta ya argani. Hili ndilo agizo la mwalimu.

Kilichonikwamisha mwaka huu. Zafarani ilikuwa haba na mvua ikala njia, lakini hayo si ya kuandika, hutokea. Kilichonikwamisha ni kwamba nilimwangalia mtu usoni Agosti, tena Novemba, mtu ninayemjua kuliko ndugu zangu, na mara zote mbili nikaona pigo la malenga. Sisi watu wa uwanjani tuna maradhi hayo, kila kimya kwetu ni jibu na kila salamu ni shambulio. Lahsen aliona uso wake sokoni. Lahsen, anayejua ngozi ya mbuzi. Na kitabu changu kimekwama vilevile. Nilikuwa nasema ni kitabu cha Bihi. Nusu yake ilikuwa kichwani mwa Belaid, imeyeyuka mle ndani huku mimi nangojea aje kunipigia magoti.

Nitakachokitanguliza mwakani. Njia ikikauka nitapanda Tizi kukaa na wale wanawake. Siku ile walipoudaka ubeti na kuurudia ndipo niliposhtuka. Kila alichowahi kusema Belaid wao walikirudia, mara kumi, mara ishirini, mpaka watu wakakijua. Umri wangu wote sikuwahi kutazama upande huo wa uwanja, nilikuwa namtazama yeye. Nimemtuma Rqiya awaulize. Wamejibu nije, lakini nije na sukari ya chai, na nisikatize mtu akiimba. Hilo la pili litanishinda, ila nitajaribu. Kila ubeti wa Belaid utakaopatikana utaandikwa kwanza, wangu chini yake.

Ule wa Agosti nimeshauandika, kwa jina lake yeye. Zahra alipousoma akainua macho, maana amesikia maneno ya watu. "Mzee Bihi, niuache hivi?" Nikamwambia auache hivyo, na chini yake aache nafasi tupu, jibu langu lisiandikwe. Nikifa litakwenda nami.

Na kusimama uwanjani, mwakani sisimami. Vijana wa Agni wamekuja jana kuniambia kuna arusi mwezi wa tatu. Nimewaonyesha tari yangu, nimeitundika ukutani. Wakasema, mzee, acha mzaha, nani mwingine atatusimamia? Sijui. Mimi nimefungwa mdomo, na desturi wanaijua.

13 Januari

Mwaka mpya. Theluji imeanza kuyeyuka upande wa jua. Rqiya ametuma habari kwamba mzee amekula vizuri jana, na kikohozi kimepungua kidogo, na kwamba ameuliza tena kama Bihi wa Agni bado yu hai.

Wa kunifungua mdomo ni yeye peke yake. Ana mwaka mzima wa kuja. Mimi nipo nyumbani, sina safari.